Kompyuta Nzito na Amana ya Picha za Arusi



Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo mwanzo wake ni ufundi na mwisho wake ni uaminifu, nalo ni kompyuta inayokwenda polepole mikononi mwa binti anayetengeneza picha.

Katika mitaa yetu ya Magogoni, na vivyo hivyo Mishomoroni, Bombolulu, hadi Likoni ng'ambo ya kivuko, wamo mabinti waliojipatia riziki ya halali kwa kupiga na kutengeneza picha za arusi. Kazi hii imepata nafasi kwa sababu anayoifahamu kila mwenyeji wa pwani. Usiku wa kupamba ni majlisi ya wanawake watupu. Bibi arusi ameketishwa mbele na mapambo yake, mama na mashangazi wamevua mabuibui, na aghalabu simu huzuiwa mlangoni. Mpiga picha wa kiume hana njia ya kuingia humo. Basi binti wa jirani mwenye kamera ndiye anayeaminiwa, naye hurudi kwao usiku na picha mia nane au elfu moja ndani ya kadi isiyozidi ukubwa wa stempu.

Swali lililotufikia ni la mmoja katika hao. Kompyuta yake mpakato, aliyoinunua ikiwa mtumba wa Ulaya, humchukua dakika nzima kufungua picha moja, na akiongeza rangi kidogo tu, kioo huganda. Mfungo Mosi umeingia, arusi zimefuatana, na wenyewe wanaulizia albamu zao. Wenziwe wamempa rai mbili: akope kwa simu anunue mpya, au ampelekee fundi mjini amwachie siku tatu. Anauliza lipi lililo bora.

Jawabu letu ni kwamba rai zote mbili zimetangulizwa kabla ya wakati wake. Kabla ya kukopa, na aujue ugonjwa ulipo. Na kabla ya kumwachia fundi, na akumbuke kilichomo ndani.

Ugonjwa uko wapi?

Kompyuta ni mfano wa jiko la arusi. Yuko mpishi, iko meza ya kukatia, na iko stoo. Mpishi ni prosesa, anayefanya kazi yenyewe. Meza ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM. Juu yake huwekwa kile kinachoshughulikiwa sasa hivi. Stoo ni diski, mahali vitu vyote vinapohifadhiwa hata umeme ukizimwa. Mpishi hodari aliyepewa meza nyembamba hana budi kukimbia stoo kwa kila kitunguu. Na ikiwa stoo hiyo ni mbali na mlango wake ni mzito, watu watalala na njaa ilhali mpishi hana kosa.

Sasa tuitie hesabu. Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina nukta 6,000 kwa 4,000, yaani nukta milioni 24. Kila nukta ina rangi tatu. Ikifunguliwa kwa ubora wa biti 8, hukalia megabaiti 72 za meza; kwa biti 16, hukalia 144. Kila tabaka kamili unaloongeza juu yake hudai kiasi kama hicho, hivyo picha yenye matabaka matano katika biti 16 imekwisha kula megabaiti 720, mbali na hatua za nyuma ambazo programu huziweka ili uweze kurudi ulipotoka. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 huwa imekwisha kuugawia mfumo wenyewe sehemu kubwa kabla hujafungua chochote. Meza ikijaa, kompyuta huanza kutumia kipande cha diski kana kwamba ni meza, na hapo ndipo kioo kinapoganda. Ndiyo sababu wenye Photoshop wenyewe huweka gigabaiti 8 kuwa ndicho kiwango cha chini, na husifu 16.

Ama diski, ziko za namna mbili. Ya zamani, HDD, ina sahani inayozunguka na kijiti kinachotafuta. Kila utafutaji mmoja huchukua kama milisekunde 10, na faili kubwa hupita kwa megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde. Ya sasa, SSD, haina kinachozunguka. Utafutaji wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na hata ile ya bei nafuu hupitisha karibu megabaiti 500 kwa sekunde. Tofauti ya utafutaji ni mara mia, na kazi ya picha ni utafutaji mtupu: programu hutafuta picha ndogo, rangi, orodha na kashe, maelfu kwa maelfu.

Kuujua ugonjwa hakugharimu kitu. Katika Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua kipengele chenye michoro ya mistari. Hapo utaona asilimia za prosesa, za kumbukumbu na za diski. Iache wazi, fungua picha, fanya kazi yako ya kawaida, na utazame. Diski ikipanda hadi 100 huku prosesa imekaa kwenye 15 au 20, ugonjwa ni stoo. Kumbukumbu ikipita 90, ugonjwa ni meza. Prosesa ikibaki 100 muda wote, ama mpishi amezeeka, ama joto limemlemea, ama yumo mgeni ndani anayemtumikisha.

Nakala kwanza

Kabla ya kugusa chochote, salimisha picha. Diski ya kuzunguka ambayo jana ilikuwa nyepesi na leo imekuwa nzito ghafla, khasa ikitoa sauti ya kugongagonga, huenda inakaribia kufa. Anayeanza kuifuta na kuipanga upya diski ya namna hiyo huenda akaizika pamoja na arusi ya mwenziwe, na arusi hairudiwi ili ipigwe picha tena. Iko programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inayosoma hali ya diski na kukuambia kama ni nzima au ina kasoro.

Mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh aliwaenezea wenzake kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa binti wetu maana yake ni hii: nakala katika kompyuta, nakala katika diski ya nje iliyofungwa kabatini, na nakala nyumbani kwa mzazi au dada anayeaminika. Kadi ya kamera isifutwe mpaka nakala mbili zimekwisha kufunguliwa na kuonekana kuwa nzima.

Yasiyogharimu shilingi

Kwanza, punguza wanaoamka pamoja na kompyuta. Katika dirisha lile lile iko orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Za muziki, za michezo, za kupiga simu za video, zizuie, zitafunguliwa zikihitajika.

Pili, unapotengeneza picha funga kivinjari cha intaneti. Kurasa kumi zilizoachwa wazi zaweza kumeza gigabaiti nzima au zaidi, na hiyo ni meza yako.

Tatu, acha nafasi katika diski. Diski isijazwe zaidi ya asilimia 80 hadi 85, kwa kuwa programu ya picha huhitaji uwanja wa kazi za muda. Arusi zilizokwisha kukabidhiwa zihamishiwe diski ya nje.

Nne, iwashe upya kompyuta kwa amri ya kuwasha upya. Windows za sasa zikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake ili ziamke haraka, na uzito wa jana huamka nao. Kuwasha upya ndiko kunakofagia meza.

Tano, tazama joto. Pwani yetu ina unyevu na hewa ya chumvi, na Kaskazi ikivuma joto hukaa chumbani hadi usiku. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Usiiweke kompyuta juu ya godoro wala mto, maana matundu yake huzibwa. Iweke juu ya meza, inua nyuma yake kidogo, na matundu ya feni yasafishwe vumbi mara kwa mara. Vilevile fanya kazi ikiwa imechomekwa chaja, kwani ikitegemea betri nyingi hupunguza nguvu.

Sita, punguza mzigo ndani ya programu. Photoshop huhifadhi hatua 50 za nyuma. Ukiweka 20 utaona wepesi. Anayetumia Lightroom aiagize itengeneze picha za kazi zilizopunguzwa, ambazo upande wake mrefu ni nukta 2,560, afanyie kazi hizo, na mabadiliko yatahamia picha asili wakati wa kutoa.

Saba, na huenda ndilo kubwa kuliko yote, chagua kabla ya kutengeneza. Katika picha 900 za usiku mmoja, zinazostahili albamu huenda zisifike 200. Ukizipitia kwanza na kuweka alama, umeipunguzia kompyuta kazi zaidi ya nusu bila kununua chochote. Kumbuka pia kwamba ukurasa wa albamu wa sentimita 20 kwa 30, ukichapishwa kwa nukta 300 kila inchi, hauhitaji zaidi ya nukta 2,362 kwa 3,543, yaani megapikseli 8 na kitu. Kumlimbikizia matabaka bibi arusi katika megapikseli 24 ili achapishwe kwa nane ni kubeba pipa la maji kwenda kujaza gilasi.

Lipo na jambo la programu zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Tuache kwanza kwamba ni mali ya mwenyewe iliyotumiwa bila ridhaa yake. Hata kwa hesabu ya dunia ni hasara, kwa sababu nyingi hubeba virusi, na baadhi ya virusi hivyo huitumikisha prosesa mchana na usiku kwa faida ya mtu usiyemjua, na vingine hufungua mlango wa mafaili yako. Zipo programu nzuri zilizotolewa bure na wenyewe: GIMP, iliyoanza kutumika mwaka 1996, na darktable na RawTherapee kwa picha ghafi za kamera. Zina ugeni wake, lakini zinafundishika.

Vitu viwili vya kununua

Ikiwa baada ya hayo yote vipimo bado vinalalamikia stoo au meza, nunua kile kinacholalamika na si kompyuta nzima. Ikiwa diski ni ile ya kuzunguka, anza na SSD. Hakuna badiliko moja linaloonekana upesi kuliko hilo katika kompyuta ya mtumba. Kisha RAM, ifikishwe 8, na 16 ikiwezekana.

Kabla ya kutoa fedha, uliza mambo matatu. Je, RAM ya kompyuta hii hubadilishwa, au imegandishwa ubaoni? Nyingi katika zile za kiofisi zinazoletwa kutoka Ulaya, kama Latitude, EliteBook na ThinkPad za miaka iliyopita, hufunguka na kubadilishwa, lakini baadhi ya zile nyembamba hazibadilishiki. Je, ni RAM ya kizazi gani, DDR3 au DDR4? Moja haiingii mahali pa nyingine. Na je, nafasi ya SSD ni ya inchi 2.5 au ni ya kile kijiti chembamba cha M.2? Andika majibu hayo katika karatasi uende nayo dukani.

Ikiwa kinacholalamika ni prosesa yenyewe, na joto na virusi vimekwisha kuondolewa, hapo ndipo fikra ya kubadilisha kompyuta inapokuwa na mahali pake. Anayenunua mtumba aangalie kwamba inakubali Windows 11 rasmi, kwa maana Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Na fedha zake zikiwa hazijatimia, asubiri akiba, au familia ichangiane. Riba tumeizungumza mara nyingi katika ukurasa huu. Tutaongeza tu kwamba anayekopa kwa ajili ya ugonjwa asioujua, hulipa deni na ugonjwa ukabaki.

Mbele ya fundi

Sasa tumefika mahali ambapo kalamu hii ilitaka kufika. Kutengeneza picha si jambo geni kwetu. Huko Lamu, Omar Said Bakor wa Studio ya Bakor alikuwa akikata na kuunganisha picha kwa ustadi miongo mingi kabla ya kompyuta kufika visiwani. Lakini zama zile negativu ilikaa katika droo moja, na aliyeitaka ilibidi aje aifungue droo hiyo. Leo picha elfu moja hunakiliwa kwa dakika chache, na mwenyewe asijue maisha yake yote kwamba zimenakiliwa.

Huko Hong Kong, mwigizaji mashuhuri alipeleka kompyuta yake kutengenezwa. Picha zake za faragha pamoja na za wanawake kadhaa zilitolewa humo, na mwanzoni mwa mwaka 2008 zikaenea duniani. Fundi alipatikana na hatia na kufungwa mwaka 2009, lakini kifungo chake hakikurudisha hata picha moja. Wale wanawake hawakuwahi kukanyaga duka lile. Waliotiwa fedheha ni watu wasiokuwa na habari, na ndivyo itakavyokuwa kwa mama aliyevua buibui lake usiku wa kupamba akiamini yuko miongoni mwa wanawake wenzake.

Hatusemi haya kwa kuwadhania mafundi wetu ubaya. Wengi wao ni watu wa dini na wa kuaminika. Lakini amana haikabidhiwi kwa dhana njema peke yake. Picha zile si mali ya binti wala si mali ya fundi. Ni sitara ya familia ya watu, na aliyepewa ni mmoja tu.

Basi na afuate utaratibu huu. Ahamishe picha zote za wateja kwenda diski ya nje kabla kompyuta haijatoka nyumbani. Ajue kwamba katika diski ya kuzunguka, faili lililofutwa huondolewa jina tu katika orodha, na programu za kulifufua zipo nyingi. Kwa hivyo kufuta pekee si kinga. Aende na mtu wake, baba, ndugu au rafiki, na akae hapo mpaka kazi iishe, kwa kuwa kuchomeka SSD na RAM hakuhitaji siku tatu. Aghalabu si zaidi ya saa moja, na kusimika mfumo mpya kwaweza kuchukua saa nyingine. Ikibidi kuiacha, aiache bila diski yake. Fundi anaweza kuijaribu kwa diski ya kwake.

Na hili lisisahauliwe: diski ya zamani irudi nyumbani. Duka likikwambia utapunguziwa bei ukiiacha, usiiache. Ndani yake zimo arusi zote ulizopata kuzitengeneza. Inunulie kasha lake la USB, nayo itakuwa diski ya nje ya akiba ikiwa ingali nzima. Ikiwa imekufa, ivunjwe sahani zake.

Kwa usalama zaidi, diski ya nje ifungwe kwa neno la siri. VeraCrypt ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo, na Windows za daraja la Pro zina BitLocker. Neno hilo liandikwe na kuhifadhiwa mahali salama nyumbani, kwani likipotea, picha nazo zimepotea.

Sheria ya nchi nayo imo upande huu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huihesabu picha ya mtu kuwa ni taarifa yake binafsi, na anayeihifadhi ana wajibu wa kuilinda. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo ni vyema binti na mteja wake wakaandikiana tangu mwanzo: picha zitakabidhiwa mkononi na si katika kundi la WhatsApp, zitahifadhiwa kwa muda gani, na baada ya hapo zitafutwa. Maandishi hayo ya mistari mitano yataheshimisha kazi yake kuliko kamera ya bei kubwa.

Neno la mwisho ni kwa wazazi na waume. Binti akisema kompyuta yake ni nzito, usimwambie ni mchezo. Anafanya kazi inayolinda heshima ya wake na mabinti zetu, ambayo asipoifanya yeye itafanywa na mwengine tusiyemjua. Mfuate kwa fundi ukae naye saa mbili hizo. Mchangie SSD kabla hajajibu ujumbe wa mkopo ulioingia simuni. Na mama wa bibi arusi, unapolipia picha, muulize pia zinakaa wapi na nani mwengine anayezifikia. Swali hilo si tusi kwake.

Mola atupe riziki ya halali, atusitiri sisi na familia zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza amana.